Lebo arobaini, karatasi nne

Swali: “Mwalimu, shikamoo. Mwaka jana nilitengeneza kwa mkono lebo 40 za zawadi za sikukuu. Nilitumia karatasi, rangi, vipande vya kitambaa, lesi na vifungo. Zilipokauka zilijikunja kama majani ya kiangazi. Nikazipanga kwenye boksi, zikagandana, na nilipozibandua rangi ikatoka nayo. Nyingine zilichanika tundu kabla zawadi haijamfikia mwenyewe. Kalamu nayo haikutaka kuandika juu ya rangi, ikabidi majina niyaandike kwenye vipande vya selotepu. Nimekosea wapi? Na hizi zilizobaki nizitupe?”

Marahaba, mwanangu. Usizitupe, nitazirudia mwishoni.

Malalamiko yako ni manne, ila matatu yana mzizi mmoja; la tundu tu ndilo limesimama peke yake. Ulichukua vipande 40 vidogo, ukavilowesha kimoja kimoja, na kila kimoja ukataka kiwe picha kamili. Karatasi ndogo ikinyweshwa maji mengi lazima ijikunje. Na mkono wa mtu, ukifika lebo ya 15, huchoka: gundi inaanza kumwagwa, rangi inapakwa nzito, na kukausha kunageuka kuharakisha. Nayajua haya kwa sababu niliyafanya miaka mingi kabla ya kuona njia fupi.

Njia yenyewe ni hii: usitengeneze lebo. Tengeneza karatasi kubwa, ipambe ikiwa nzima, iache ikauke, ndipo uikate. Karatasi ya A4 ina sentimita 21 kwa 29.7. Lebo ya sentimita 5 kwa 10 ukizipanga safu mbili za lebo tano tano, zinatoka 10 kwenye karatasi moja. Kwa lebo zako 40 unahitaji karatasi nne tu. Pembeni hubaki ukanda wa karibu sentimita 5 ambao watu huutupa. Wewe utunze, kwa maana utakuja kuokoa tundu lako.

Sasa tuzungumze kujikunja, maana hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani hawana kipaji, kumbe ni maji tu.

Karatasi ni nyuzi za mimea zilizolala pamoja. Uzi mmoja ukinywa maji hunenepa sana na kurefuka kidogo mno. Kwenye karatasi ya kiwandani nyuzi nyingi zimelala kuelekea upande mmoja, kwa kuwa mashine huzivuta kule inakokimbiza karatasi. Huo tunauita mkondo wa karatasi. Kwa hiyo karatasi iliyoloa haitanuki sawasawa pande zote. Hutanuka kwa kuukata mkondo wake. Ukipaka gundi ya maji upande mmoja, upande huo hutanuka na kingo hukimbilia upande mkavu. Gundi ikianza kukauka inasinyaa na kuvuta, na sasa kingo zinarudi kule kwenye gundi. Ndiyo maana lebo yako inaweza kukugeuzia mgongo asubuhi na tumbo jioni.

Kuujua mkondo si kazi. Ikunje karatasi kwa ulaini bila kuivunja, kwanza kwa urefu, halafu kwa upana. Kule inakokubali kwa urahisi zaidi, mstari wa mkunjo unafuata mkondo. Ukiwa na mashaka, kata kipande cha mraba, kiloweshe uso mmoja kwa kidole chenye maji, ukitazame kikijiviringa: mrija utakaojitokeza umelala sambamba na nyuzi. Ukibandika karatasi mbili, mikondo yake ielekee upande mmoja. Kwa lebo sitakusumbua na somo hili zaidi ya hapo. Anayejalidi vitabu ndiye asiyeruhusiwa kulisahau hata siku moja.

Tiba ziko tatu, na zinafanya kazi zikiwa pamoja. Ya kwanza ni msingi mzito. Karatasi ya kawaida ya printa ina gramu 80 kwa mita ya mraba, na hiyo haiwezi kubeba rangi, gundi na kitambaa. Tafuta karatasi ya gramu 200 hadi 300: manila nzito, au ile ya kuchorea kwa rangi za maji. Boksi jembamba la bidhaa linafaa pia. Upande wake wa ndani, ule wa kijivu usiong'aa, hunywa gundi vizuri. Upande unaong'aa huikataa mpaka uukwaruze kwa msasa.

Ya pili ni kupunguza maji. Karatasi kwa karatasi, gundi ya kijiti inatosha kabisa. Gundi nyeupe ihifadhi kwa kitambaa na uzi, na usiizimue. Iweke kidogo, uisambaze kwa ukingo wa kadi ya zamani mpaka ibaki kama ukungu juu ya kioo. Gundi ikitokeza pembeni unapobonyeza, ilikuwa nyingi.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda, nayo tunawaibia maseremala. Fundi akibandika ubao mwembamba wa mapambo usoni mwa mbao, hubandika mwingine mgongoni, ili pande mbili zivutane kwa nguvu sawa na katikati pabaki pamenyooka. Fanya hivyohivyo. Ukimaliza kupamba uso wa karatasi yako kubwa, ibandike karatasi nyeupe ya printa mgongoni mwake kwa gundi ileile uliyotumia mbele. Umeondoa kujikunja, na papo hapo umepata ukurasa msafi wa kuandikia majina. Selotepu yako ya mwaka jana isingehitajika.

Kisha igandamize: karatasi ya kuokea juu, karatasi ya kuokea chini, vitabu vizito, usiku kucha. Usiielekezee mashine ya kukaushia nywele. Joto la upande mmoja hukausha uso huo mbele ya mwingine, na hapo umerudi kwenye majani ya kiangazi.

Tuje kwenye kupamba. Mpangilio wa tabaka ni muhimu kuliko uzuri wa kila tabaka. Mimi hufuata huu: karatasi zilizobandikwa chini kabisa, kisha utando mweupe, kisha rangi, kisha mihuri na mistari. Ukianza na rangi halafu ukabandika vipande juu, vitaonekana kama viraka kwenye shati. Ukianza na vipande, rangi itapita juu ya vyote na kuvifanya ndugu wa nyumba moja.

Vipande vyenyewe utavipata bure. Ndani ya bahasha za barua rasmi kuna vinakshi vya buluu au vya kijivu vilivyochapwa ili barua isisomeke kwa nje. Ukigeuza bahasha unapata karatasi ya mapambo usiyoilipia. Ramani iliyopitwa na wakati, kurasa za daftari lenye mistari, karatasi laini za kufungia viatu, vyote vinafaa. Vichane kwa mkono badala ya kuvikata. Ukichana karatasi iliyochapwa, kipande kimoja hubaki na ukingo mweupe wenye manyoya na kingine hakina. Jaribu kuvuta huku na huku mpaka ujue mkono wako unatoa upi. Ukingo mweupe ni mzuri juu ya rangi iliyokolea, na ni kero juu ya rangi hafifu.

Gazeti je? Linapendeza, ila hugeuka njano upesi, kwa sababu karatasi yake hutengenezwa kwa mbao zilizosagwa bila kuondolewa lignini, yaani gundi ya asili inayoshikamanisha nyuzi za mti, na hiyo ikipata mwanga na hewa hubadilika rangi. Kwa lebo itakayoishi wiki moja, tumia bila hofu. Kwa ile unayojua mama mkwe ataihifadhi kwenye albamu, toa nakala ya ukurasa huo kwenye karatasi nyeupe. Na barua au picha za familia usizikate kamwe, kata nakala. Nakala hiyo itoke kwenye mashine ya fotokopi au printa ya leza, kwa sababu wino wake ni unga wa plastiki ulioyeyushwa juu ya karatasi, haujali maji. Nakala ya printa ya wino wa maji huvuja mara tu brashi inapoigusa, na uso wa babu hugeuka wingu la zambarau. Ilinitokea.

Vipande vikishashika, pitisha utando mweupe. Jeso ndiyo bora: ni chaki na rangi nyeupe ndani ya gundi ya akriliki, na ikikauka huacha uso wenye ukwaruzaji ambao rangi na penseli huushika. Usipokuwa nayo, rangi nyeupe ya akriliki itafanya kazi hiyo. Brashi iwe karibu kavu. Paka, kisha futa kwa kitambaa palipozidi. Unataka maandishi ya chini yasikike kama watu wanaozungumza chumba cha pili, yaani yapo lakini hayakusumbui.

Kwenye rangi nina sheria moja ambayo wanafunzi wangu huivunja kila mwaka. Chagua rangi tatu: mbili zinazokaribiana na moja iliyokolea, basi. Na kama umechagua nyekundu na kijani, jozi ambayo wengi huiwazia sikukuu, ile ya kwanza ikauke kabisa kabla ya kuileta ya pili. Zikikutana mbichi huzaa kahawia ya tope, na hakuna brashi itakayozitenganisha tena. Paka kwa sponji, kwa ukingo wa boksi lenye mawimbi, kwa ile plastiki ya mapovu ya kufungia vyombo, kwa mdomo wa kifuniko cha chupa. Ukitaka mistari myeupe inayojitokeza yenyewe, chora kwa mshumaa kwenye karatasi tupu, halafu pitisha rangi ya maji, nta inaikataa. Ila hilo fanya mahali ambapo hakuna jeso wala gundi itakayofuata, kwa sababu nta huzikataa nazo.

Jambo moja litakushangaza. Karatasi kubwa inayoonekana imejaa fujo, ukiikata vipande vya sentimita 5 kwa 10, kila kipande hutulia. Na ile yenye ua moja zuri katikati hukatwa kichwa: lebo nne zinagawana petali, sita zinabaki tupu. Kwa hiyo karatasi yako isiwe na katikati. Itawanye mihuri, mistari ipite mpaka ukingoni na kutoka nje, na ukijikuta umechora kitu unachokionea fahari, kipake juu.

Wengine hukata kidirisha cha sentimita 5 kwa 10 kwenye karatasi chakavu, wakakitembeza juu ya karatasi iliyopambwa wakitafuta sehemu nzuri. Ni mchezo mtamu, lakini utapata lebo saba au nane badala ya 10, kwa hiyo andaa karatasi ya tano. Mimi siku hizi hukata kwa rula kutoka upande wa nyuma bila kuchungulia. Bahati huchagua vizuri kuliko mimi. Tumia rula ya chuma na wembe mpya, upitishe kwa wepesi mara tatu nne. Anayekata kwa nguvu mara moja hupata ukingo uliochanika na, mara nyingine, kidole.

Vitambaa, lesi na vifungo vinakuja baada ya kukata. Hapa kuna somo la zamani. Mwaka 1912 mchoraji Pablo Picasso alitengeneza picha ya meza na kiti ambayo huhesabiwa miongoni mwa kolaji, yaani picha za kubandika vipande, za mwanzo kabisa za sanaa ya kisasa. Hakubandika ukili halisi wa kiti. Alibandika kitambaa cha meza kilichochapwa mfano wa ukili. Kitu halisi kilichobaki kilikuwa kamba, aliyoizungusha ukingoni kama fremu. Tazama busara yake kwa mtu wa lebo: karibu kila kitu ni bapa, na kitu kimoja tu ndicho chenye unene. Lesi yako itoe nakala kwenye fotokopi, na nakala hiyo ndiyo uichane na kuibandika. Jicho litaona lesi na lebo itabaki nyembamba. Kisha chagua kitu kimoja cha kweli kwa kila lebo: ama kipande cha kitambaa, ama kifungo, ama mshono. Lebo yenye vyote vitatu huinamia upande mmoja, na ikining'inia hugeuza uso wake ndani, kila mtu akaishia kusoma mgongo.

Kifungo kishone, usikigundishe. Gundi nyeupe haishiki plastiki laini kwa muda mrefu. Kama zawadi inakwenda kwa mtoto mdogo, kifungo na shanga viache kabisa. Lebo ndiyo kitu cha kwanza kufika mdomoni. Ukishona kwa cherehani, weka mshono mrefu, milimita 3 au 4, kwa kuwa mshono mfupi hutoboa karatasi kama ukurasa wa stempu na lebo itakatikia hapohapo. Tumia sindano uliyokwisha kuichoka, karatasi huitafuna makali. Kwa mkono, toboa kwanza matundu yote lebo ikiwa juu ya sponji, ndipo upitishe uzi.

Tundu sasa. Shida hii ina umri. Mwaka 1863 Mmarekani E. W. Dennison alipata hataza ya lebo za mizigo zilizoimarishwa kwa kiduara cha karatasi kuzunguka tundu, na lebo za mizigo mpaka leo hufuata wazo hilo. Chukua ule ukanda uliobaki, utoboe kwa panchi, kata duara kuzunguka kila tundu, ubandike duara moja mbele na jingine nyuma. Kwa kuwa limetoka kwenye karatasi ileile, litaonekana sehemu ya pambo. Toboa lebo yenyewe baada ya maduara kukauka, si kabla, ili matundu matatu yawe moja. Kitovu cha tundu kiwe angalau sentimita 1 kutoka ukingo wa juu. Panchi ya ofisini hutoa tundu la milimita 6, ambalo ni kubwa kwa uzi mwembamba. Kama una kitoboleo cha milimita 3 au 4, tumia hicho.

Uzi nao una kosa lake. Nailoni nyembamba hukata karatasi kama waya unavyokata sabuni. Tumia pamba nene au utepe. Ukunje mara mbili, ingiza kitanzi kwenye tundu, kisha ncha zote mbili zipite ndani ya kitanzi na uvute. Mvuto utasambaa ukingoni badala ya kukaa mahali pamoja.

Shida ya kuandika tumekwisha kuitatua: mgongo mweupe. Ukitaka jina liwe mbele, liandike kwenye kipande kidogo cha karatasi tupu, ndipo ukibandike. Akriliki iliyokauka ni utando wa plastiki, wino wa maji hausharabiwi, unabaki juu ukielea. Chaki ya jeso nayo huziba ncha za kalamu nyembamba. Jaribu kila kalamu kwenye mabaki ya ukanda kwanza, isugue kwa kidole baada ya dakika kadhaa, halafu uamue. Na andika kabla hujashona kifungo, vinginevyo lebo itapinda chini ya mkono.

Kugandana kwenye boksi kunatokana na plastiki hiyohiyo. Akriliki huonekana kavu baada ya nusu saa, lakini ndani bado laini, na hata ikikomaa hubaki na ulaini fulani. Nyuso mbili zikibanwa pamoja mahali pa joto hushikana kama ndimi mbili za gundi. Acha lebo wazi siku kadhaa. Zipange zikiwa zimesimama, kama kadi za maktaba, na vipande vya karatasi ya kuokea katikati. Gazeti halifai hapo, hubaki limenata. Kwa zile zenye rangi nzito, pitisha mshumaa mweupe juu kwa wepesi na usugue kwa kitambaa laini. Nta iwe ya mwisho kabisa, baada ya kuandika na kubandika vyote.

Haya, zile za mwaka jana. Zilizojikunja zipanguse mgongo kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, zibandike karatasi nyeupe nyuma, uzilaze chini ya vitabu usiku kucha katikati ya karatasi za kuokea. Karatasi hiyo ya mgongo itafunika na selotepu zenye majina, kama uliziweka nyuma. Usijaribu kuzing'oa, zitaondoka na ngozi ya karatasi. Zilizochanika tundu, kata sehemu ya juu yote na kilichobaki kibandike katikati ya lebo mpya ya manila tupu iliyo pana kidogo. Na zile zilizobanduka rangi, usizipake upya haraka. Zitazame kwanza. Pale rangi ilipotoka, maandishi ya chini yamejitokeza yenye kingo zilizokwaruka, na kuna watu wanaotumia msasa saa nzima kutafuta kovu kama hilo. Zipitishe msasa laini pembeni tu, upate mgongo mpya, na hizo uwape wale unaowapenda zaidi.